Kinyozi wa Pilot Fork na Bastola Yake ya Kwanza

Vonda Treadway alifikisha miaka hamsini na mitatu bila kumiliki bunduki, na katika milima ile ya kaskazini mwa Arkansas hilo lilikuwa jambo la kuulizwa. Baba yake alikuwa nazo saba, zimepangwa nyuma ya mlango wa jikoni. Kaka yake Delmar alikuwa na nyingi kuliko hizo. Vonda hakuzichukia. Alikuwa kinyozi, amezoea mikasi, na hakuona bunduki ingemsaidia nini.

Mumewe alipofariki aliifunga saluni yake mjini Pilot Fork, akapakia nyuma ya gari kiti cha kukunja, beseni na mashine za kunyolea, akaanza kuwafuata wateja majumbani. Walikuwa wazee wasioweza tena kuendesha gari, wajane waliobadilishwa nyonga, watu ambao kutoka hadi barazani tu kuliwachosha. Nyumba nyingi zilikuwa ndani kabisa, mwisho wa barabara za changarawe, mahali ambapo simu hupoteza mtandao.

Mchana mmoja wa Oktoba alisimama kujaza mafuta kwenye kituo cha njia panda. Alipomaliza akaingia garini, na kabla hajafunga mkanda, mlango wa pili ukafunguliwa. Mwanamume akaketi kando yake. Alikuwa wa miaka thelathini hivi, shati safi, buti zina tope.

"Twende," alisema.

Vonda akaendesha. Baadaye hakuweza kueleza kwa nini hakupiga honi wala kuruka nje; mguu ulikanyaga mafuta, basi. Yule mtu akafungua pakiti ya karanga iliyokuwa juu ya dashibodi, akala taratibu. Kisha akaona mfuko wa nywele alizokuwa amezikata asubuhi ile.

"Za nani hizi?"

"Za watu."

"Wamekufa?"

"Hapana. Wapo."

Akaendelea kula karanga. Baada ya maili kumi na moja akamwambia asimame, akashuka, akashukuru kwa karanga, akaruka ua wa malisho na kuondoka katikati ya ng'ombe kama mtu anayekwenda kwake.

Vonda alinyamaza siku nne. Alipokwenda hatimaye kuripoti, askari alimuuliza kama aliguswa. Hakuguswa. Kama alionyeshwa silaha. Hakuonyeshwa. Askari akaandika, akamshauri awe anafunga milango. Ushauri ulikuwa wa kweli na Vonda aliufuata, lakini alianza kupita vituo vya mafuta bila kusimama hadi mshale wa tangi unalala, na mara mbili aliwapigia wateja kuwaambia anaumwa, hali haumwi.

Delmar aliposikia, alikuja na bastola yake mwenyewe imefungwa kwenye taulo.

"Chukua hii, dada. Ikimpata mtu, hainuki."

"Delmar, hii ni nzito kama pasi."

"Utaizoea."

"Ndiyo maana wewe suruali yako haikai kiunoni."

Delmar akacheka, akaivuta suruali, akaifunga tena bastola kwenye taulo. Lakini alichokisema kilibaki, na Jumamosi iliyofuata Vonda akaenda dukani.

Muuzaji, bwana mmoja mnene aitwaye Renfro, alimpima kwa macho, akainama, akatoa rivolva ndogo ya risasi tano, nyepesi, mpini wake wa rangi ya waridi.

"Akina mama wote huchukua hii. Unaitia mkobani, unaisahau."

"Na nikiihitaji nitaikumbuka?"

Renfro akairudisha kabatini. Akatoa nyingine, ya magazini ya risasi inayoingia mpinini, bapa, fupi kuliko kiganja. Vonda akajaribu kuikoki, yaani kukivuta nyuma kile chuma cha juu ili risasi iingie. Kikagoma. Akajaribu tena. Miaka thelathini ya mikasi ilikuwa imemwachia maumivu kwenye mzizi wa dole gumba, na chuma kile kilikwenda nusu tu, kikamponyoka.

"Ngoja nikufanyie," alisema Renfro.

"Siku hiyo utakuwepo?"

Hakununua kitu siku ile. Alipokuwa akitoka, mama mmoja mrefu aliyekuwa akichagua masanduku ya risasi alimfuata hadi nje. Jina lake Oleta Stroud, miaka sabini na moja, mlinzi mstaafu wa gereza la wanawake. Alikuwa na kiwanja cha shabaha nyuma ya zizi lake na alifundisha wanawake siku za Jumapili baada ya kanisa.

"Usinunue kitu hujakipiga," alisema Oleta. "Viatu unavijaribu, siyo? Njoo kwangu. Ninazo tisa."

Jumapili hiyo Vonda alizipiga sita kati ya hizo tisa. Ile rivolva nyepesi, ndugu yake na ya dukani, ilikuwa ya pili. Kifyatulio chake kilikuwa kigumu hivi kwamba mtutu ulicheza kila alipokivuta, na ilipolipuka ilimpiga teke kiganjani hadi machozi yakamtoka. Risasi tatu kati ya tano hazikugusa karatasi.

"Wanawauzia akina mama hii kwa sababu ni ndogo," alisema Oleta, akiipokea. "Ndogo ni raha kuibeba na ni taabu kuipiga. Uzito ndio unaomeza teke. Haya, shika hii."

Ile ya tano ilikuwa ya magazini, ya ukubwa wa kati, nyeusi, haina urembo wowote. Springi yake ilitengenezwa laini, na Oleta alimwonyesha namna ya kuikoki kwa kiganja kizima badala ya vidole viwili: kukishika kile chuma kwa juu, kisha kuusukuma mpini mbele kwa mkono wa pili. Ikakubali. Vonda akaikoki mara kumi, dole gumba halikulalamika. Kidole chake kidogo kilipata mahali pa kukaa. Alipopiga, risasi nane kati ya kumi ziliingia kwenye duara la ukubwa wa sahani.

"Nzuri?" aliuliza Oleta.

"Haipendezi."

"Sikukuuliza hivyo."

"Nzuri."

Akanunua ya aina hiyohiyo kwa Renfro, akajaza fomu, akasubiri jina lake likaguliwe serikalini, akaenda nayo nyumbani ndani ya sanduku la plastiki. Oleta alikuwa amempa sharti moja: wiki mbili aivae kutwa bila risasi.

Wiki hizo ndizo zilizomfundisha zaidi. Mkoba aliukataa siku ya kwanza, maana kila nyumba aliyoingia mkoba wake ulibaki mezani jikoni, na jikoni mna wajukuu. Akaivaa mbele, tumboni. Kila alipoinama kuosha beseni ikamchoma. Akaivaa mgongoni, ikamuumiza akiendesha. Mwishowe ilikaa upande wa kulia, nyuma kidogo ya nyonga, ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, juu ya mkanda mpya mpana, maana mikanda yake yote ya zamani ilipinda. Aproni ya kazi iliifunika vizuri. Kila asubuhi kabla ya kahawa alisimama mbele ya kioo cha chumbani, bastola haina kitu, akainua aproni, akashika mpini, akachomoa, akarudisha. Mara ishirini. Kufika Krismasi mkono ulikuwa unaijua njia bila kuulizwa.

Akaanza tena kusimama vituoni kujaza mafuta. Hakujisikia shujaa. Alijisikia kama mtu aliyebeba kitu kizito upande mmoja, na jioni nyonga ilimuuma.

Miongoni mwa wateja wake alikuwapo Cletis Boatwright, miaka themanini na minane, mjane, mkata mbao wa zamani. Vonda alikuwa amemkata nywele kwa miaka tisa. Tangu mwaka uliopita mzee huyu alikuwa akisahau: kwanza majina, kisha siku, kisha kama amekula. Binti yake Wynelle, aliyekuwa akiishi mjini, alimpelekea chakula kila jioni na alikuwa amewaambia wote kwamba bunduki za baba ameshaziondoa.

Jumanne moja ya Aprili, saa nne asubuhi, Vonda aliegesha gari chini ya ngazi za baraza, akashuka na kiti chake mkono wa kushoto na begi begani. Alipoinua macho, mzee Boatwright alikuwa amesimama juu ya ngazi na bunduki ya mitutu miwili, ya kupigia ndege, imemwelekea kifuani. Kati yao palikuwa na hatua nane.

"Hapohapo," alisema mzee. "Umekuja kuiba kuni zangu tena."

Mkono wa kulia wa Vonda ukaondoka. Hakuutuma. Uliinua ukingo wa aproni na vidole vikagusa mpini, na palepale aliona kwa uwazi kabisa kila kitu kilichofuata: kuchomoa, kulenga, shati la mzee lenye miraba, vifungo vyake vilivyofungwa kombo. Alikuwa na muda wa kutosha. Mzee alikuwa mzito wa mikono. Vonda aliyajua haya yote kwa utulivu, kama anavyojua urefu wa nywele kwa kuangalia tu.

Mkono ukaachia. Ukashuka, ukaingia mfuko wa mbele wa aproni, ukatoka na kitana.

"Ni Vonda, Bwana Boatwright. Nimekuja kukukata nywele."

"Simjui Vonda yeyote."

"Haidhuru. Nywele zako zinanijua. Angalia zilivyokuingia masikioni."

Mtutu ulitikisika. Mzee alitaka kulishika sikio lake, lakini mikono yote miwili ilikuwa na kazi.  Vonda alisikia injini ya gari lake ikitoa mlio wa kupoa.

"Ni Jumapili?" aliuliza mzee.

"Bado. Lakini itafika, nawe utaingia kanisani kama kondoo asiyekatwa manyoya."

"Jewell hapendi nikiingia hivyo," alisema. Jewell alikuwa mkewe, aliyefariki zamani. Akageuka, akaiegemeza bunduki kwenye mbao za baraza kama anavyoegemeza ufagio, akaketi kwenye kiti chake kusubiri.

Vonda alipanda ngazi. Aliichukua bunduki kwanza, akaikunja katikati, mitutu ikafunguka. Risasi zilikuwamo, mbili, shaba yake imeingia kutu. Akazitia mfukoni, akaipeleka bunduki ndani ya gari lake, akafunga mlango kwa ufunguo. Kisha akarudi, akamfunga mzee shuka shingoni, akamkata nywele. Alifanya kazi yote kwa mikono imara, akamnyoa hadi nyuma ya masikio. Alipomaliza akafagia baraza.

Alishuka hadi barabara kuu ili apate mtandao, akampigia Wynelle.

"Haiwezekani," alisema Wynelle. "Niliziondoa zote. Nne, nilizihesabu mwenyewe."

"Hii ni ya tano. Ninayo garini."

Wynelle akaanza kulia. Alipopata sauti, akasema, "Mungu wangu, Vonda. Afadhali hukuwa na ile bastola Delmar anayoisema kila mahali."

"Nilikuwa nayo."

 

Walikuja kugundua kwamba mzee alikuwa ameificha bunduki ile miaka mingi chini ya magunia kwenye kibanda cha pampu ya maji, na kumbukumbu hiyo moja ndiyo iliyomrudia wakati nyingine zinaondoka. Mwezi Juni walimhamishia kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Vonda alikwenda kumkata nywele huko mara mbili. Mzee hakumtambua, lakini alikaa vizuri kitini.

Jumapili baada ya tukio lile Vonda alimsimulia Oleta. Walikuwa wameketi juu ya matairi karibu na zizi, wanakula mkate wa mahindi. 

"Mkono ulikwenda?" aliuliza Oleta.

"Ulikwenda."

"Basi mazoezi yameshika. Na nani aliyeurudisha?"

"Sijui. Ulirudi."

Oleta akapangusa makombo magotini. "Hilo la pili mimi sikukufundisha," alisema. "Na sijui linafundishwaje. Nimefanya kazi gerezani miaka ishirini na sita, nimeona waliokuwa nalo na wasiokuwa nalo, na kwa sura huwezi kuwajua."

Wakapiga shabaha kidogo siku hiyo, kisha mvua ikaanza.

Vonda hakuiuza bastola wala hakuacha kuivaa. Alimwita Delmar amfungie kisanduku cha chuma chini ya kiti cha dereva, chenye namba za siri. Barabarani na vituoni iko kiunoni. Katika nyumba tano, ambamo wenyeji wameanza kusahau, huivua na kuifungia kabla hajashuka garini. Alianza pia kumuuliza kila mteja, siku ya kwanza, kabla ya kukunjua kiti, kuna bunduki ngapi ndani na zinakaa wapi. Wengine walichukia. Mzee mmoja alimwambia akate nywele, mengine hayamhusu, naye Vonda akakunja kiti chake akaondoka. Mama mmoja wa miaka tisini, Bibi Imogene Pruitt, hakuchukia hata kidogo. Alifikiri, akaashiria kabati la vyombo, akaashiria chini ya godoro, kisha akamwomba Vonda amsaidie kusimama, kwa sababu bunduki ya tatu alikuwa ameikalia.