Malkia Asiyepita Mlangoni

Radivoj, mkata tiketi mstaafu wa stesheni yetu ya Sombor, alikuwa na ugonjwa mmoja: kutunga mafumbo ya sataranji. Gazeti la mji lilimchapishia kila Ijumaa, na juu ya kila fumbo aliweka mzaha wa mapenzi. "Mfalme mweusi ameoa jana, mwokoe kwa hatua mbili." Tulicheka, hata tusiojua farasi anarukaje. Mimi jirani yake nilicheka pia, sijitoi.

Kisha akaandika: "Malkia mweupe amenenepa, hapiti mlangoni. Mtoe kafara, ushinde kwa hatua tatu."

Nani asingejua malkia ni nani? Sokoni muuza samaki alimpigia kelele mke wa Radivoj: "Mama Ljubinka! Pita ubavu, mama, njia nyembamba hiyo!" Ljubinka akarudi nyumbani na kikapu kitupu.

"Utani tu, mke wangu," Radivoj akamwambia.

Hakulia wala hakugomba. "Mkate wa slava mwaka huu utakanda wewe," alisema, na tangu hapo hakumsemesha tena.

Slava ni siku ya mtakatifu wa nyumba. Wageni hawaalikwi, wanajijia, na nyumba isiyo na mkate wake siku hiyo imeumbuka. Lakini kilichomla Radivoj moyo si mkate. Hakujua kama mkewe atasimama naye mlangoni kupokea watu, au atakwenda zake Subotica kwa dada yake. Kosa alilijua ni lake, na usingizi ulimpaa.

Akakaa na ubao, kama kawaida ya wanaume wasiojua kuomba radhi. Akalipangua lile fumbo, akalipanga, ndipo akaona: ngome ikisogea mraba mmoja tu, ushindi ni ule ule, bila kumtoa malkia. Kwa watunzi, fumbo lenye majibu mawili ni bovu, na mwenyewe hulitangaza. Hakuna aliyegundua, sote tulikuwa tunacheka.

Akamfuata jikoni. "Ljubinka, fumbo lina kosa. Malkia hakuwa na haja ya kutolewa."

"Umelijua hilo kwenye ubao?"

"Kwenye ubao."

"Mimi ningekwambia bila ubao, mwanamume wewe." Akamsukumia bakuli la unga. "Kanda."

Ijumaa gazeti likachapa kosa lake, bila mzaha. Siku ya slava tulimkuta Ljubinka mlangoni kavaa gauni la bluu, anatupokea. Radivoj alikuwa nyuma yake, hana pa kuweka mikono. Ulipofika wakati wa kuvunja mkate, mkate ukagoma. Mgumu huo! Tukatazama dari. Ljubinka akauinua juu.

"Mkate wa mume wangu umenenepa, haupiti mdomoni," akasema. "Utoeni kafara, mshinde kwa hatua tatu!"

Tulivunjika mbavu. Radivoj hakucheka. Masikio yalimwiva, akamega kipande kwa nguvu, akatafuna huku macho yakiwa kwenye sahani. Muuza samaki akampiga bega.

"Utani tu, mzee!"

"Najua," alisema Radivoj. "Ndivyo nilivyomwambia."