Jiwe Lililopumua

Juzi nilirudi Ilemela nikakuta mlima uliokuwa nyuma ya nyumba ya bibi umevunjwa kuwa kokoto. Nilisimama kusikiliza mlio wa pimbi, wale wanyama wadogo wa miambani. Haukuja, na woga wa zamani ukanipanda mgongoni.

Wewe uliyekulia kando ya ziwa utanielewa. Miaka ile ya viwanda vya minofu ya samaki, magugu maji nayo yalikuja, yakatandaza kijani hadi ufukweni. Tulifua palepale kwa sabuni ya mche, nguo tukazianika juu ya mawe yaliyochomoza majini. Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba pimbi na kiboko wote ni mamalia, wote hunyonyesha. Darasa zima lilicheka. Mmoja unamtia kapuni, mwingine anapindua mtumbwi. Nilipomsimulia bibi, hakucheka.

"Pimbi anaogopa hata kivuli, ndiyo maana kesho utamwona tena," alisema. "Kiboko haogopi kitu. Kwa hiyo ogopa wewe."

Asubuhi moja mawe yote yalikuwa yamejaa nguo. Bibi akatupia shuka begani, akaingia majini hadi mapajani, akilielekea jiwe moja lililofunikwa na magugu.

"Mama, hilo jiwe umelileta na nani?" jirani alimtania kutoka ufukweni. "Jana halikuwepo."

"Maji yamepungua. Na macho yako pia."

Mimi niliona jiwe likipumua. Magugu yalipanda, yakashuka. Sikio dogo likatikisika. Nilifungua mdomo, sauti ikagoma.

Ndipo pimbi walipopiga kelele mlimani, wote kwa pamoja. Bibi aligeuka kuwatazama, akauona uso wangu. Alirudi kinyumenyume, taratibu, bila kuchapa maji, akiliacha shuka lielee. Jiwe likafunua kinywa, na shuka likazama.

Jirani alisema pimbi wametuokoa. Lakini nilipoinua macho nilimwona tai akizunguka juu ya mlima. Pimbi walikuwa wakiwaonya watoto wao, sisi hawakutujua. Nilimwambia bibi.

"Basi," alisema, akikamua khanga yake, "woga wao umetutosha na sisi."

Bibi hayupo tena. Pimbi wameondoka pamoja na mlima wao. Viboko, naambiwa, bado wapo. Jioni ya juzi nilishuka hadi ufukweni, nikayakuta mawe yametulia majini, yana magugu mgongoni. Niliyatazama moja moja, nikingoja lipi litapumua. Nyuma yangu hapakuwa na wa kupiga kelele.