Nabwile na Choo cha Vigae

Nabwile alikuwa na mdomo, na mdomo huo ndio uliojenga nyumba. Kwa miaka mingi wachuma chai wa shamba lile la nje ya Kitale walilala familia nzima katika chumba kimoja, kitanda kikitengwa na jiko kwa shuka, na mvua ikiingia bila hodi. Wenzake walimwambia dua la kuku halimpati mwewe. Nabwile, mjane wa Tongaren asiyeogopa meneja wala radi, aliwajibu kwamba huyo ni kuku mmoja. Banda zima likipiga kelele, mwewe hapati usingizi. Akasimama kila mkutano. Mwishowe meneja alichoka, au labda alitubu, tusimnyime haki yake. Nyumba mpya zikajengwa.

Na zilikuwa nyumba kweli: vyumba viwili, sakafu ya simiti, mlango wenye kitasa. Zilijengwa mbilimbili chini ya paa moja, na kila jozi ikapewa bafu moja na choo kimoja cha vigae huko nyuma. Siku ya kugawa funguo, msimamizi Kibiwott alitaka kumtunza Nabwile mbele za watu.

"Mama Phelista, wewe ndio umetupigania," alisema. "Kwa hivyo nimekuweka na familia. Jirani yako ni msichana wako Phelista na bwana yake, Khaemba. Mtakuwa mnasaidiana!"

Makofi yakapigwa. Nabwile alitabasamu kama mtu aliyeumwa na siafu katikati ya ibada. Kwao Bukusu, mama mkwe na mkwewe hawapeani mkono wala hawali meza moja. Wakikutana njiani, kila mmoja huchepuka upande wake. Leo wapewe choo kimoja! Kibiwott hakuwa Mbukusu, maskini, alidhani ametenda wema.

Asubuhi ya kwanza Nabwile alitoka na kopo lake la maji. Khaemba naye ndiyo kwanza anatoka bafuni, taulo kiunoni, povu masikioni. Kijana alipiga yowe, akaruka ua, akazama kwenye michai hadi kifuani. Nabwile alijifunika leso usoni na kurudi ndani kinyumenyume. Tangu hapo Khaemba akawa anaoga mtoni, na Nabwile, yule mpigania maendeleo, akawa anapanda kilima kwenda kwenye choo cha zamani chenye mlango wa gunia.

"Mama, hii ni mambo ya kitambo bana," alisema Phelista, mimba ikiwa imemfika puani. "Si muende tu kwa zamu?"

"Zamu? Tumbo langu linajua zamu?"

Akamwendea Kibiwott. Kibiwott alicheka hadi akafuta machozi, kisha akaona uso wa mama yule, akaacha. Nyumba mpya zote zilikuwa na watu, alisema. Labda yeye au mkwewe arudi laini ya zamani, kwenye zile nyumba za chumba kimoja.

Nabwile hangekubali mjukuu wake azaliwe chini ya bati linalovuja. Jumamosi asubuhi alianza kukunja blanketi zake ili ahame yeye. Alikunja huku akilia, kwa sababu alikuwa ameupenda mlango ule wenye kitasa, na alikuwa ameupigania akiwa peke yake.

Ndipo akasikia majembe. Alichungulia dirishani akamwona Khaemba na rafiki zake wakichimba shimo mwisho wa ua, matope magotini. Phelista akaingia, mkono kiunoni.

"Ati choo ya vigae ni yako, mama, na bafu pia. Yeye anajichimbia choo ya shimo, na atajengea bafu ya mabati hapo kando. Ashaongea na Kibiwott."

"Na wewe?"

"Mimi ni mtoto wako. Nitaenda penye nataka."

Nabwile alikunjua blanketi. Angekuwa mtu mwingine, angetoka akamkumbatia kijana yule na matope yake yote. Hakuweza. Alingoja mpaka Khaemba alipomaliza kuchimba na kuingia kwake, buti zikasikika zikidondoka sakafuni upande wa pili wa ukuta. Akasogea karibu.

"Wewe ukuta," alisema kwa sauti, "Mungu akubariki. Umenitoa aibu."

 Kisha ukuta ukaitika, "Amina, mama."