Kingamwili za Sinyati

Lekishon aliajiriwa kwa sababu ya mkono wake. Kwao Piyaya hakuna aliyemshinda kumtoa ng'ombe damu: kamba shingoni, mshale mmoja, kibuyu kinajaa, na mnyama anarudi malishoni. Watafiti wa maabara moja ndogo nje ya Karatu walipomwona akichoma mshipa wa sikio la sungura, na sungura hata hashtuki, kazi akapata. Wenzake wa rika walimcheka mpaka wakachoka. Mmasai mzima, mchunga sungura.

Yeye alikuwa na lake. Mkewe, Sinyati, alilala hoi kwenye chumba cha kupanga mjini, mapafu yameshikwa na fangasi waliomwingia siku alipochimba udongo wa chumvi wa kulambisha mbuzi kwenye pango la popo. Alikuwa amemeza vidonge miezi mitano na bado anakonda. Fangasi hao hao ndio waliodungwa sungura wa maabara. Lekishon akajipa moyo kwamba dawa itapatikana pale pale, mikononi mwake.

Kila wiki alitoa damu, na Daktari Clemensi akapima kingamwili, zile chembe ambazo mwili hutengeneza ukivamiwa na ugonjwa. Zilipanda. Zilipanda zaidi kwa sungura mmoja mweupe ambaye Lekishon alimwita Naibor, jina la ng'ombe wa mama yake. Akaomba damu ya Naibor amchanganyie Sinyati na maziwa, kama mgonjwa anavyopewa damu ya ng'ombe nyumbani. Clemensi hakumcheka, Mungu ambariki kwa hilo. Alimweleza tu kwamba tumbo lingeimeng'enya bure.

Kisha sungura wakaanza kufa, na walitangulia wale wenye kingamwili nyingi. Lekishon akauliza kulikoni.

"Zinatuonyesha kwamba fangasi wamejaa mwilini, mzee wangu," alisema Clemensi. "Kuwaua hawa, haziwezi."

Jumatatu Naibor naye akafa, na Lekishon akamchoma kwenye tanuri la maabara. Jumanne alimtoa Sinyati damu kwa mkono wake mwenyewe, akaipeleka ikapimwe. Alhamisi Clemensi alimwita, akavua miwani, akaanza kuzungukazunguka.

"Niambie tu, Daktari. Kingamwili zake zimezidi za Naibor?"

"Zimezidi."

Alitembea kwa miguu hadi mjini. Njia nzima aliichukia maabara, akauchukia na huo mkono wake uliosifiwa. Sinyati alikuwa ameketi kitandani akimsubiri.

"Wamesemaje, baba Saruni?"

Katika miaka yote ya ndoa yao Lekishon hakuwahi kumdanganya mkewe, na siku ile pia hakumdanganya.

"Wamesema una kingamwili nyingi kuliko wote waliopimwa."

Sinyati akacheka. Tangu masika hakuwa amecheka. Akasema basi Jumamosi warudi Piyaya, kwa kuwa yule ndama mwekundu sasa ameshakuwa mtamba na yeye hajamwona bado. Lekishon aliitikia, akainama chini ya kitanda, akaanza kumkusanyia mashuka yake.