Makonyo ya Bi Mize

Leo nimecheka vibaya, jamani.

Mjukuu wangu karudi mapema kutoka kazini. "Bibi, wamenipa wiki nzima nipumzike. Akili imechoka."

Nikaangua kicheko. Eti akili nayo huchoka!

Halafu nikakikatiza kicheko.

Maana niliwahi kucheka hivyo hivyo zamani, kabla ya Mapinduzi. Nilikuwa msichana, tukichambua karafuu kwa kibarua huko Mtambile. Bi Mize alikuwa hodari kutushinda sote. Asubuhi ile nikamwona anatupa karafuu, anatia pakachani makonyo, vile vijiti vya karafuu vya kutupwa.

Pakacha zima!

Mimi ndiye niliyepaza sauti: "Njooni mwone, Bi Mize leo anavuna vijiti!" Wakacheka wote.

Na sote tulijua. Juzi yake tu tulikuwa kwao, tukiondoa matanga ya mwanawe.

Akachutama, akaziokota karafuu mojamoja mchangani, huku akitutaka radhi. Yeye, atutake radhi sisi!

Kesho yake hakuja. Hakuja tena, wala hakuna aliyekwenda kumtazama.

Kazini kwenu yupo wa namna hii? Mmemuuliza, au mnamcheka?

Mjukuu wangu nimeshamtaka radhi.

Bi Mize nitampata wapi?