Njugu Kumi na Tano za Mama wa Oyugis

Msomaji, hasira yangu bado haijapoa. Juzi shuleni Oyugis, kwenye foleni ya wazazi, nilimsikia mama muuza njugu akimuuliza mwalimu wa hesabu kwa nini bintiye, aliyesimama kando yake na karatasi ya mtihani, alikosa swali hili: mkulima ana magunia ishirini, yanaongezeka kwa asilimia hamsini, kisha yanapungua kwa asilimia hamsini. Yamebaki mangapi? Binti aliandika kumi na tano.

"Jibu ni ishirini," mwalimu akasema. "Hamsini imepanda, hamsini imeshuka. Si tumerudi pale pale?"

Mama akamwaga njugu mezani. Akahesabu ishirini, akaongeza kumi, kisha akaligawa fungu katikati kwa kiganja. "Nusu ya thelathini ni ngapi? Hesabu wewe, mwalimu."

Mwalimu hakuhesabu. Aliokota njugu mbili, akatafuna, akagonga karatasi ya majibu kwa kalamu. "Mama, hiyo ni hesabu ya soko. Hapa tunafuata hii."

Kumbe tunalipa karo ili watoto wafundishwe kuogopa karatasi! Maana nilipogeuka, binti alikuwa ameshika biro. Alikata kumi na tano yake polepole, akaandika ishirini.