Simu Iliyolala Nyumbani Kwangu

Nilijifunza kuandika nikiwa na miaka arobaini na miwili, katika darasa la watu wazima, na tangu hapo hakuna jambo la nyumba yangu lisilo na tarehe. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba ilikuwa Jumatatu, tarehe tatu Juni, mtafiti mmoja, binti wa chuo kikuu, alipofika kwangu Endabash na kunikabidhi simu. Alitaka simu iweze kupima sauti za nyumbani bila kumaliza chaji upesi. Alinihakikishia kwamba maneno hayahifadhiwi, yawe ya Kiiraqw au ya Kiswahili. Kinachopimwa ni ukubwa wa sauti tu. Penye sauti alama ya kijani huwaka. Penye kimya simu hulala, na chaji hubaki.

Majirani waliopewa simu kama yangu walizipeleka dukani kuchajiwa kila siku. Mimi nilikwenda siku ya nne.

"Mama, hii yako imefunga?" mwenye duka aliuliza. "Wenzake wanakula kila siku."

Wanawake waliokuwa pale walicheka, nami nikacheka nao. Njiani sikucheka. Tangu nimzike mume wangu, miaka sita sasa, sijamruhusu mtu anionee huruma; sasa simu ilikuwa imewaeleza wote jinsi nyumba yangu ilivyo kimya.

Jumatano, tarehe kumi na tisa, niliiweka kando ya redio. Taarifa ya habari, mahubiri, mpira ambao hata kanuni zake sizijui: alama ikawaka kutwa nzima. Kesho yake nilikwenda dukani kichwa juu, na tangu hapo redio ikawa inawaka kila siku.

Tarehe mosi Julai binti alirudi. Alitazama kompyuta yake kwa muda mrefu, akakunja uso. Akanieleza kwamba simu yangu ndiyo aliyoitegemea kuliko zote, kwa kuwa nyumba ya mtu mmoja ndiyo ingeonyesha kama programu yake inalala ipasavyo. Sasa ilionekana hailali. Kama kosa ni la programu, kazi yote ingeanza upya. Akaniuliza, kwa adabu, kama nilikuwa na wageni.

Jibu la ndiyo lilikuwa tayari mdomoni. Lakini daftari langu lilikuwa mezani, na humo sijawahi kuandika uongo. Nikalifungua, nikamsomea: "Jumatano, tarehe kumi na tisa Juni. Nimewasha redio kwa ajili ya simu."

Hakucheka. Aliuliza tu kama azifute siku hizo.

"Usizifute, mwanangu. Andika kwamba ilikuwa redio."

Aliandika, akamaliza chai yake, akaniachia simu, akaaga. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi, nikazima redio. Baada ya muda alama ya kijani ilizimika. Ilipowaka tena nilikuwa naosha vikombe viwili. Nilipovifunika, ikazimika.